Pafu la Mfanyakazi Si Chujio la Vumbi

Jina la Kariakoo ni jina la wafanyakazi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918, Waingereza waliwakusanya Waafrika kwa maelfu wawachukulie unga, risasi na mizinga porini. Jeshi hilo la wachukuzi likaitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, likapiga kambi hapa Dar es Salaam, na ulimi wa wenyeji ukaligeuza jina hilo likawa Kariakoo. Basi kila tunapotaja mtaa huu twawataja wapagazi, hata kama hatujui.

Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu. Wala wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa homa ya mapafu, kwa njaa na kwa uchovu. Na kwa kuwa hawakupigwa risasi, hesabu yao haikuwekwa sawasawa. Mwaka 1927 wakoloni walisimamisha Sanamu ya Askari katikati ya mji kwa heshima ya askari na wachukuzi, lakini mtazame mwone: majina ya wachukuzi hayamo. Mtu aliyekufa polepole, tena mnyonge, hakuandikwa popote.

Tunayakumbusha haya kwa sababu desturi hiyo ya kutomhesabu mtu anayekufa polepole haijaisha mjini petu. Jengo la ghorofa 16 lilipoanguka katika Mtaa wa Indira Gandhi tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, nchi nzima ililia, na ilikuwa haki kulia. Jengo la Kariakoo lilipoanguka tarehe 16 Novemba 2024 nchi ililia tena. Lakini yule kibarua aliyekata zege na kusugua kuta katika majengo mengi yasiyoanguka, kisha akarudi kwao akiwa na kifua kilichokauka kama gome, huyo nani anamlilia? Hakuangukiwa na kitu. Alivuta pumzi tu, kila siku ya kazi, mpaka pumzi ikamwishia.

Twasema leo kwamba vumbi ni adui wa mfanyakazi, kwamba adui huyu anaweza kuzuiwa kwa vitu tulivyo navyo, na kwamba hapana udhuru wa kumwacha aendelee.

VUMBI LA KILA KAZI

Tembea kutoka Gerezani mpaka Msimbazi, kata Mtaa wa Uhuru, ingia Kongo na Sikukuu, kisha utokee Mnazi Mmoja. Utaona nyumba za zamani za Kiswahili, za vyumba sita, zinabomolewa ili ghorofa zisimame. Anayebomoa ana nyundo na sururu, na kichwa amekifunga kwa fulana kuukuu. Kifusi chatupwa kutoka juu, na wingu lake lawafunika hata mama lishe na wateja wake. Ghorofa ikisimama huja fundi wa marumaru na grenda yake, akate vigae vikavu mlangoni mwa duka. Huja fundi wa jipsamu, naye hupiga skimu na kusugua dari na ukuta kwa msasa, chumba kimefungwa, mpaka nyusi zake zikawa nyeupe kama za mzee wa miaka 80.

Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, wachukuzi wapakua saruji, mfuko wa kilo 50 begani, na mfuko ukipasuka mwenye mfuko huugulia hasara ya saruji. Hakuna anayeuliza juu ya kifua cha mchukuzi. Mafundi wa vyuma wachomelea mageti na madirisha. Mafundi wa magari wapuliza rangi kwa kompresa mahali pasipo na ukuta wala feni, na harufu ya tina yafika mtaa wa pili. Kule Keko maseremala wapiga randa na kupasua mbao toka asubuhi hadi magharibi. Kwenye mashine za kusaga nafaka na viungo, kijana mmoja ashinda ndani ya wingu la unga na pilipili. Wanaofungua belo za mitumba, wanaopima dawa za kilimo katika vifuko vidogo, wanaofagia soko alfajiri kwa mifagio mikavu, wote hao wana vumbi lao.

Kila vumbi lina tabia yake, wala hayafanani. Vumbi la zege, tofali, mchanga na mawe lina silika. Silika ikiingia ndani ya pafu haitoki. Hukwaruza na kuacha makovu, na makovu hulifanya pafu kuwa gumu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya. Mara nyingi hutokea baada ya miaka 10 au zaidi ya kazi, lakini vumbi likiwa kali sana hutokea mapema kuliko hapo. Tena mwenye silika kifuani hushikwa kwa urahisi zaidi na kifua kikuu, na nchi yetu imekuwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Kwa hiyo vumbi la mjenzi si shauri lake peke yake. Akikohoa chumbani Buguruni au Manzese, jirani yake amo hatarini.

Vumbi la unga na nafaka huleta pumu. Vumbi la pamba hubana kifua, hasa siku ya Jumatatu mtu anaporudi kazini baada ya kupumzika. Saruji huunguza ngozi na macho, na huharibu njia za pumzi. Moshi wa kuchomelea bati lililopakwa zinki huleta homa na baridi usiku ule ule, na fundi hudhani ni malaria. Mvuke wa tina hulevya kichwa na kudhuru mishipa ya fahamu. Shirika la kimataifa la kuchunguza saratani lililoko Lyon, Ufaransa, limekwisha tangaza kwamba vumbi la mbao husababisha saratani ya pua na matundu yake, kwamba silika husababisha saratani ya mapafu, na mwaka 2017 likaongeza moshi wa kuchomelea vyuma. Kwa mbao lilitangaza mwaka 1995 na kwa silika mwaka 1997. Basi asije mtu akatuambia leo kwamba haya hayakujulikana.

LISILOONEKANA NDILO BAYA

Hapa wengi hukosea, na kosa hilo latuua. Mtu huona wingu jeupe, anasubiri litulie, kisha anasema vumbi limekwisha. Sivyo. Lile unaloliona ni vumbi kubwa. Pua hulikamata, makohozi hulitoa. Linalofika chini kabisa, kwenye vifuko vya pumzi ambamo damu hupokea hewa, ni dogo mno. Gawanya milimita moja mara 1,000, kila sehemu ni mikroni moja. Unywele wa mtu una upana wa mikroni kama 70. Vumbi la hatari kwa pafu lina mikroni chini ya 10, na baya zaidi ni lile la chini ya 5. Hilo halionekani kwa macho, nalo huelea hewani saa nyingi baada ya wingu kutoweka. Fundi anayekaa kula chakula chake pale pale alipokatia vigae bado anavuta.

Ndiyo maana kitambaa kilichofungwa puani hakisaidii sana. Fulana huzuia lile kubwa, ambalo hata pua ingelizuia. Lile dogo hupita katikati ya nyuzi kama dagaa katika wavu wa papa.

Na kuna imani nyingine ambayo yatupasa kuisema waziwazi, nayo ni maziwa. Mafundi wa rangi, wachomeleaji na wapakuzi wa saruji wengi huamini kwamba akinywa maziwa baada ya kazi, vumbi huoshwa. Wako matajiri wanaowapa vibarua wao pakiti ya maziwa kila jioni, na wakishatoa pakiti hiyo wanajiona wametimiza wajibu wote. Ndugu, maziwa ni chakula chema, yanyweni. Lakini maziwa hushuka tumboni. Njia ya tumbo na njia ya mapafu ni mbili, na lau maziwa yangeshuka mapafuni mngekufa kwa kupaliwa. Pakiti ya maziwa haizuii hata chembe moja ya silika. Tajiri anayetoa maziwa badala ya kuzuia vumbi amepata njia rahisi ya kununua ukimya wetu.

WALIYOYAONA WENZETU

Afrika inalijua vumbi hili kwa damu yake. Katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini ugonjwa wa silika ulitambuliwa na serikali ya makaburu zaidi ya miaka 100 iliyopita. Sheria za fidia zilitungwa huko mwaka 1911 na 1912. Lakini Mzungu alipimwa na kulipwa kwa namna yake, na Mwafrika kwa namna yake. Mara nyingi alirudishwa kwao akafie kijijini, mbali na macho ya daktari. Kifo chake hakikuingia katika vitabu vya mgodi.

Hata vijana wa Tanganyika walikwenda huko, wakiandikishwa na shirika ambalo watu wa Mbeya na Tukuyu walilijua kwa jina la Wenela. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 Serikali yetu iliufunga mlango huo. Tulifanya vyema. Na wenzetu waliobaki katika migodi ile walipigania haki mahakamani mpaka mwezi Julai 2019, Mahakama Kuu ya Johannesburg ilipoidhinisha makubaliano ya makampuni ya dhahabu kuwalipa wagonjwa wa silikosisi na kifua kikuu, pamoja na jamaa za waliokufa. Zaidi ya miaka 100 tangu sheria ya kwanza! Wangapi walikuwa wamekwisha zikwa?

Katika Marekani nako, mwaka 1930 na 1931, watu walichimba handaki la maji mahali paitwapo Hawk's Nest, katika jimbo la West Virginia. Mwamba ulikuwa silika tupu. Walichimba kwa keekee kavu kwa sababu maji yangewachelewesha. Mamia walikufa katika muda mfupi, na wengi wao walikuwa watu weusi waliotoka kusini kutafuta kazi. Ndugu msomaji, kumbuka neno hilo: maji yangewachelewesha. Ndilo neno lile lile linalosemwa leo na mnyapara wa Kariakoo kwa fundi wa marumaru.

SHERIA TUNAYO

Tusiseme kwamba nchi yetu haina sheria. Wakati wa ukoloni ilitungwa Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950. Ilikuwa sheria ya mtawala, iliyotazama kiwanda chenye mashine na kuta, nayo tuliendelea kuitumia miaka 42 baada ya kupata Uhuru. Mwaka 2003 Bunge letu likatunga Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5. Sheria hiyo haikusema kiwanda tu, ilisema mahali pa kazi. Inamtaka mwajiri aandikishe mahali pake pa kazi, alinde hewa ya hapo, atoe vifaa vya kujikinga, na afya ya mfanyakazi ipimwe. Chombo cha kuisimamia ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, iliyoanzishwa mwaka 2001. Mwaka 2008 ikatungwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, na Mfuko wake ukaanza kazi mwezi Julai 2015. Mfuko huo haulipi ajali peke yake. Hulipa na maradhi yatokanayo na kazi.

Kimataifa pia tumetia mkono. Mwaka 1977 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mjini Geneva Mkataba Namba 148 juu ya hewa chafu, makelele na mitetemo kazini, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizouridhia. Mwezi Juni 2022 shirika hilo likaweka mazingira salama ya kazi kuwa haki ya msingi, sawa na haki ya kuunda chama cha wafanyakazi.

Na wataalamu tunao, wa kwetu wenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili wamepima vumbi la saruji, la katani, la kahawa na la makaa ya mawe katika nchi hii, na wamewachunguza mafundi wa viwanda vidogo vya Dar es Salaam. Yaliyomo katika vitabu vyao yangetosha kutuamsha.

Basi upungufu uko wapi? Uko katika kibarua wa siku. Sheria humtafuta mwajiri, lakini kibarua wa Kariakoo hamjui mwajiri wake. Mwenye kiwanja amempa kazi mkandarasi, mkandarasi amempa fundi mkuu, fundi mkuu amewaokota vijana asubuhi barabarani, na jioni amewalipa mkononi. Kijana huyo akishikwa na kifua baada ya miaka 12 atapeleka hati gani kwenye Mfuko? Ataje jina la nani? Amefanya kazi katika majengo 60, na kila tajiri atasema hamjui. Haki iliyoandikwa vizuri yampita juu ya kichwa chake kama ndege ipitavyo juu ya shamba.

"BORA VUMBI KULIKO NJAA"

Wako watakaotujibu. Wa kwanza ni mfanyakazi mwenyewe. Husema: bora vumbi kuliko njaa. Twalielewa neno hilo, wala hatulicheki, maana anayelisema ana watoto. Lakini anayemwekea mtu mambo mawili, vumbi au njaa, amemficha la tatu, nalo ni kazi isiyo na vumbi. Kazi ile ile, ujira ule ule, ila maji yamwagwe. Baba akivunjika mapafu akiwa na miaka 40, njaa aliyoikimbia itawakuta watoto wake wakiwa hawana wa kuwalisha.

Wa pili ni mwenye karakana ndogo. Husema: mimi si bepari, nina vijana watatu na mashine moja ya mkopo, nikinunua mitambo ya Ulaya nitafunga duka. Huyu naye ana haki ya kusikilizwa. Hatumwambii anunue mitambo ya Ulaya. Twamwambia atazame mkono wake mwenyewe. Mafundi wa mabati wa Gerezani wanaotengeneza ndoo, majiko na mabomba ya paa wanaweza kutengeneza bomba la kuvutia vumbi: mdomo wa bati karibu na msumeno, feni yenye nguvu, na pipa la kuzungusha hewa ili vumbi lianguke chini kabla hewa haijatoka. SIDO iliundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo. VETA iliundwa mwaka 1994 kufundisha ufundi. Vyombo hivi viwili vikikaa na mafundi wa Keko na Gerezani, vikachora mfano mmoja mzuri na wa bei nafuu, mafundi wenyewe watautengeneza na kuuziana. Huko ndiko kujitegemea. Tulilisema neno hili Arusha mwaka 1967, basi na litumike hata kwa pumzi.

Wa tatu ni tajiri mkubwa, mwenye ghorofa. Huyu hana udhuru. Anayeweza kulipia vioo vya rangi kutoka ng'ambo anaweza kulipia mpira wa maji. Akisema maji yatamchelewesha, tutamwuliza: amwahi nani? Kodi ya maduka itaanza mwezi mmoja baadaye, lakini pafu haliwezi kujengwa upya hata kwa mwezi wala mwaka.

NAMNA YA KUZUIA

Kuzuia vumbi kuna utaratibu wake, na utaratibu huo ni muhimu, maana wengi huanza mwisho.

Kwanza, ikiwezekana, ondoa kitu kibaya, tumia kingine. Rangi ya maji mahali pa rangi ya mafuta na tina. Vigae vikatwe kwa kuchanjwa na kuvunjwa panapofaa, badala ya kusagwa kwa grenda.

Pili, maji. Zege, tofali na marumaru vikatwe vikiwa vimelowa, kwa mashine iliyotengenezwa kwa kazi ya maji, yenye waya mzima, ili mtu asikimbie vumbi akauawa na umeme. Nyumba inayobomolewa imwagiwe maji kabla na wakati wa kubomoa. Kifusi kishushwe kwa bomba au ndoo. Kisitupwe. Soko lifagiliwe baada ya kunyunyiziwa.

Tatu, lifungie vumbi au livute pale linapozaliwa. Mashine ya kusaga ifunikwe, mfuko wa unga ufungwe mdomoni mwa mashine. Kupuliza rangi kuwe na chumba chake chenye feni ya kutoa nje, mbali na wapita njia. Wala mtu asijipulize nguo kwa kompresa. Vumbi lililokuwa limetulia nguoni hulirudisha puani, na linalobaki hulipeleka nyumbani kwa watoto.

Nne, watu wapokezane, asishinde mmoja ndani ya vumbi siku nzima. Wengine wasiohusika wakae mbali.

Tano, na mwisho, barakoa. Si ya kitambaa, bali ile iliyotengenezwa kuchuja vumbi dogo, iliyokaa sawasawa usoni. Tunaiweka mwisho kwa makusudi. Joto la Dar es Salaam twalijua. Mwezi wa Januari mtu hawezi kubeba saruji saa nane amefungwa pua na mdomo. Ataivua, na mnyapara atasema amejitakia. Barakoa isigeuzwe kuwa njia ya kumtupia mfanyakazi lawama ya vumbi ambalo tajiri hakulizuia.

TUNAYOYADAI

Kwa ajili hiyo twadai mambo matano, na tunayataja kwa majina ya wahusika.

Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam hutoa vibali vya ujenzi. Katika kila kibali cha kubomoa au kujenga ndani ya Kariakoo, Gerezani, Mchafukoge na Kisutu liandikwe sharti la maji, la turubai la kuzunguka jengo, na la kushusha kifusi kwa bomba. Asiyetimiza asimamishwe siku ile ile. Jiji lina watu wa kukusanya ushuru kila pembe, hata kwa mama muuza mchicha. Macho yanayoona mchicha hayawezi kushindwa kuona wingu la vumbi.

OSHA ishuke mitaani. Makampuni makubwa yenye milango na majina yanajulikana na hufikiwa. Wakaguzi waonekane kwenye vichochoro, nao waje kwanza kama walimu, ila kwa yule aliyefundishwa akakataa, waje na sheria.

Hospitali na zahanati zetu zimwulize kila mwenye kikohozi cha muda mrefu swali moja: unafanya kazi gani? Daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alikwisha wahimiza madaktari wenzake waulize hivyo mwaka 1700. Jibu liandikwe katika daftari. Bila daftari hilo mchomeleaji atatibiwa malaria, mjenzi atatibiwa kifua kikuu peke yake na kurudishwa kwenye vumbi lile lile, na Serikali itaendelea kuamini kwamba tatizo ni dogo kwa kuwa halimo katika hesabu.

Mwenye jengo, yule ambaye jina lake limo katika kibali, awe mwenye dhamana ya kila mtu anayefanya kazi ndani ya uzio wake, hata kama ameokotwa asubuhi ile. Kila kibarua aandikwe jina lake, tarehe na kazi aliyofanya, naye apewe nakala. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuwa shahidi wake baada ya miaka 12. Mlolongo wa fundi mkuu na mkandarasi usiwe mahali pa tajiri kujificha.

Vyama vya wafanyakazi, vikiongozwa na TUCTA, viwafuate wasio na ajira za kudumu. Makuli wa bandari waliogoma mwaka 1947 walikuwa vibarua, watu wa kuokotwa getini. Wao ndio walioutikisa mji huu mpaka mgomo ukafuata reli hadi bara. Vyama vilivyozaliwa kutokana na vibarua visiwakatae vibarua.

KAZI YA MASHINA

Na sisi wanachama tusikae tukingoja. Utaratibu wa nyumba kumi kumi uliwekwa tangu miaka ya 1960 ili Chama kijue shida za watu mlangoni mwao. Basi kila balozi wa Kariakoo na Gerezani ahesabu: katika nyumba zake kuna karakana ngapi, mashine za kusaga ngapi, jengo gani linabomolewa, na nani anakohoa. Karatasi moja inatosha. Ikifika tawini, na tawi likaifikisha kwa diwani, hapana mtu atakayeweza kusema hakuambiwa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi kuwa na kiburi na kuwadharau anaowaongoza. Dharau si matusi tu. Kupita kila siku kwa gari lililofungwa vioo mbele ya kijana aliyejaa saruji usoni, na kutouliza, nayo ni dharau.

Nanyi wafanyakazi, ndugu zetu, msikubali kuambiwa kwamba kudai maji ni uvivu. Mwanamume hapimwi kwa vumbi alilokula. Mkiwa watano kwenye jengo, watano semeni pamoja: hatukati kavu. Mmoja atafukuzwa, watano watasikilizwa. Mama anayeuza chakula kando ya jengo naye aseme, maana vumbi lile lamwingia yeye na mtoto aliye mgongoni.

Tulipodai Uhuru tuliambiwa hatujawa tayari. Tulipoupata mwaka 1961 tulijiambia wenyewe Uhuru na Kazi, maana tulijua kwamba nchi haijengwi kwa maneno. Tumejenga. Ghorofa zasimama kutoka Mnazi Mmoja hadi Jangwani, na kila tofali lake limepitia mkononi mwa mtu. Wachukuzi wa mwaka 1917 hatuwezi kuwarudishia majina yao. Hawa wa leo wako hai, majina yao tunayajua, na wamo kazini asubuhi hii. Wamwagiwe maji kabla grenda haijawashwa.